Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Tiba ya Kisaikolojia kwa Njia ya Stadi, Tanga

Maswali yaliyomo hapa ni yale ninayoulizwa na watu wanaofika katika chumba changu cha unasihi hapa Chumbageni, pamoja na wengine wanaopiga simu kutoka Muheza, Pangani na Korogwe, wakitaka kujua wanakwenda kukutana na nini kabla hawajatoa nauli. Sikuyapanga kwa umuhimu wake. Pale nilipomtaja mtu, nimebadilisha kazi yake, umri wake na mtaa wake, ili asitambulike hata na jirani yake.

Tiba ya stadi ni nini hasa?

Ni tiba ambayo ndani yake mgonjwa, pamoja na kueleza yanayomsumbua, anafundishwa mambo ya kufanya pale yanapomsumbua. Neno stadi nalitumia kwa maana ile ile tunayoitumia kwa fundi, yaani jambo ambalo mkono umelizoea kiasi kwamba linafanyika hata akili ikiwa imechoka. Mji wetu unasifika kwa baiskeli, na sidhani kama yupo mtoto wa Ngamiani aliyejua kuiendesha kwa kuhutubiwa. Alishikiwa kiti, akasukumwa, akaanguka, akashikiwa tena, mpaka siku moja aliyemshika akaachia bila kumwambia. Kazi yangu inafanana na ya huyo mshika kiti, isipokuwa mimi humwambia mtu kabla sijaachia.

Je, huduma hii ni ya wenye wazimu?

Hapana. Wengi wanaofika ni watu wanaokwenda kazini, wanaolea, wanaosali na wanaolipa madeni yao, lakini hawalali, au wanalia bila kujua wanalilia nini, au wamekuwa wakali nyumbani mpaka watoto wanajificha wakisikia geti linafunguliwa.

Kwa nini mnasema njia yenu ni ya upole?

Kwa sababu mtu aliyeshikwa na hofu hajifunzi kitu, na mtu anayesukumwa hushikwa na hofu. Upole ninaouzungumzia si kumbembeleza mgonjwa wala kumwambia maneno matamu. Maana yake ya kwanza ni kwamba mwendo anauweka yeye: kama leo anataka kueleza robo tu ya jambo, basi tutashughulikia robo hiyo, na kama hataki kulieleza kabisa, zipo stadi nyingi anazoweza kujifunza bila mimi kujua lililompata. Maana ya pili ni kwamba hisia yake haihukumiwi. Wengi wetu tumekua tukiambiwa tujikaze, tusilie, tushukuru kwa sababu wapo wenye shida kuliko sisi, na maneno hayo, ingawa yanatoka kwa watu wanaotupenda, humfundisha mtu kuona aibu juu ya maumivu yake, kisha akabaki na mizigo miwili mahali palipokuwa na mmoja. Mimi huanza na kukiri: kwa hayo yaliyokupata, ingekuwa ajabu kama ungelala usingizi mzuri. Baada ya hapo ndipo tunauliza tufanye nini usiku wa leo.

Sikuyajua haya tangu mwanzo. Katika miaka yangu ya awali nilimwomba mama mmoja aliyenusurika katika ajali ya basi anisimulie mkasa wote katika kikao cha pili, kwa sababu nilisoma kwamba kusimulia kunaponya. Alisimulia. Alipofika katikati mikono yake ilianza kutetemeka na macho yakawa hayanioni tena, na mimi, kwa ugeni wangu, nikamtaka aendelee kidogo tu amalizie. Aliaga vizuri, akanishukuru, asirudi kwa miezi minane. Aliporudi aliniambia kwamba usiku ule alikaa uani mpaka alfajiri. Kusimulia mkasa kunaweza kuwa sehemu ya tiba, na tiba nzuri zinazofanya hivyo zipo, lakini mtu hufikishwa hapo akiwa tayari na namna ya kurudi kutoka huko, na namna hiyo ya kurudi ndiyo stadi.

Mnafundisha stadi zipi?

Zinatofautiana kwa kila mtu, ila ya kwanza kwa karibu wote ni pumzi, na ningependa kuieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayodharauliwa zaidi. Mtu akisikia kwamba amesafiri kutoka Pangani ili afundishwe kupumua, huniangalia kama ninayemtania.

Mwili una mfumo wa kujihami unaopandisha mapigo ya moyo, kukaza misuli na kufanya pumzi ziwe fupi za kifuani, na una mfumo mwingine unaorudisha mambo chini. Huwezi kuuamuru moyo upunguze mwendo, lakini pumzi unaweza kuiamuru, na pumzi inayotoka kwa muda mrefu kuliko ilivyoingia huuamsha huo mfumo wa pili. Kwa hiyo namwambia mgonjwa avute pumzi kwa pua, taratibu, kama anayenusa kilua, kwa hesabu ya nne. Kisha aitoe kwa mdomo uliobanwa kidogo, kama anayepoza chai ya maziwa asiyotaka kuimwaga, kwa hesabu ya sita au saba. Anaweka kiganja kimoja juu ya kitovu ili ahakikishe kuwa kinachopanda ni tumbo, mabega yametulia. Tunafanya hivyo kwa dakika tano. Dakika ya kwanza watu hucheka. Ya pili huona kizunguzungu kidogo, kwa sababu wanavuta hewa nyingi mno, na hapo nawaambia wapunguze kiasi cha kuvuta. Kufikia ya nne, mara nyingi naona mikono iliyokuwa imefumbata kitambaa imefunguka yenyewe.

Jambo ambalo nalirudia mpaka watu wananichoka ni kwamba zoezi hili hufanywa asubuhi na jioni mtu akiwa hana taabu yoyote. Anayengoja mpaka moyo uanze kwenda mbio ndipo ajaribu pumzi kwa mara ya kwanza ni sawa na nahodha anayejifunza kushusha tanga baada ya dhoruba kufika.

Stadi nyingine ni ya kurudi mahali ulipo, kwa wale ambao akili huwachukua na kuwarudisha kwenye mkasa. Mtu anataja kwa sauti vitu vitano anavyoviona, vinne anavyovigusa, vitatu anavyovisikia, viwili anavyonusa na kimoja anachoonja. Kijana mmoja anayefanya kazi karibu na bandari huifanya akiwa amesimama: anataja kreni, kamba, kunguru, boya, kofia, anagusa ukuta wenye chumvi, anasikia honi. Kipo pia kitendo cha kuosha uso kwa maji ya baridi sana huku umezuia pumzi kwa sekunde chache, ambacho hushusha mapigo ya moyo upesi, ila mwenye ugonjwa wa moyo asikifanye bila kumwuliza daktari wake.

Zipo pia za kutenda kinyume na hisia inavyoamuru. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, humwambia mtu alale, afunge mlango, asijibu simu, na kila anapoitii huzidi nguvu. Hatumwambii ajitupe kwenye harusi ya watu mia tatu. Tunaanza na kuoga kabla ya saa tatu asubuhi, kisha kutoka mpaka kwa muuza vitumbua na kurudi, na kama hilo limewezekana kwa siku nne, tunaongeza jambo moja.

Mbona mnatumia muda mwingi kuuliza majina ya hisia?

Kwa sababu kulijua jina la hisia ni stadi kamili, na mtu asiyeweza kuitaja hisia yake hawezi kuchagua cha kuifanyia. Wengi huja na neno moja, stresi, au husema tu kwamba wana presha, na ndani ya neno hilo wamefungasha mambo manane. Hapo ndipo Kiswahili chetu kinapotusaidia, maana kina hazina ambayo tumeiachia washairi. Hamaki ni ile inayolipuka na kuisha kabla chai haijapoa; ghadhabu ni nzito kuliko hiyo; kinyongo ni hasira iliyowekwa akiba. Huzuni si sawa na simanzi, na kihoro ni kile kinachomshika mtu aliyepatwa na msiba wa ghafla mpaka anashindwa hata kulia. Bibi mmoja alinisahihisha niliposema kwamba ana huzuni. Aliniambia, "Hapana mwanangu, hii ni jitimai," yaani huzuni kubwa, na tangu siku hiyo nikaliingiza neno hilo katika orodha ninayowapa wengine.

Faida yake ni ya kivitendo. Mwenye hamaki anahitaji kuondoka chumbani kwa dakika kumi. Mwenye kinyongo akiondoka chumbani huenda akakilisha tu. Yeye anahitaji kujifunza namna ya kumwendea aliyemkosea na kusema jambo moja, kwa maneno machache, bila kufukua ya mwaka juzi.

Moyo wangu hudunda ghafla, nikatokwa jasho na kuhisi nakufa. Je, stadi zitanisaidia?

Kwanza nenda hospitali ukapimwe. Maumivu ya kifua ya mara ya kwanza si ya kuletwa kwa mnasihi, na upungufu wa damu au tezi la shingo linalofanya kazi kupita kiasi vinaweza kufanana sana na wasiwasi.

Kama umepimwa na daktari amekuhakikishia kwamba moyo ni mzima, basi inawezekana unapatwa na mshtuko wa hofu, yaani kengele ya mwili inalia ingawa hakuna moto. Hali hiyo hupanda haraka, mara nyingi hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka yenyewe hata usipofanya lolote. Kinachoirefusha ni kuikimbia. Mtu aliyepatwa nayo ndani ya daladala huacha kupanda daladala, kisha huacha kwenda sokoni, kisha huacha kutoka. Tunachofundisha ni kukaa nayo kama anayeoga baharini Raskazone akaona wimbi linakuja: anainama kidogo, analiacha limpite, anasimama tena. Baadaye tunarudi pamoja kwenye daladala, kituo kimoja kwanza, halafu viwili. Nimepanda daladala za kwenda Sahare mara nyingi bila kuwa na shughuli yoyote huko.

Je, mtanifundisha nifikirie mazuri tu?

La. Kujilazimisha kufikiri mazuri ni kazi ngumu na haidumu. Tunachofanya ni kulikagua wazo kama unavyokagua noti ya elfu kumi iliyokuja na harufu ya shaka. Fundi seremala mmoja alimtumia mteja picha ya kabati lililokamilika, mteja akaisoma asijibu. Mpaka jioni fundi alikwisha kuamini kwamba kazi imekataliwa, kwamba habari zitaenea, kwamba atafunga karakana. Katika daftari lake tuliandika lililotokea, tukaandika alilowaza, tukaandika ushahidi unaolikubali wazo na unaolikataa, kisha tukaandika sentensi moja ambayo angeweza kuiamini bila kujidanganya: "Sijui kwa nini hajajibu, nitampigia kesho saa nne." Sentensi hiyo si nzuri wala mbaya, lakini usiku ule alikula. Mteja alikuwa msibani.

Njia hii imetoka wapi? Je, si mambo ya Wazungu?

Sehemu kubwa ya mpangilio wake imetoka Marekani, na sioni sababu ya kulificha hilo. Daktari Aaron Beck wa Philadelphia alianza miaka ya 1960 kuwaonyesha wagonjwa wa sonona namna mawazo yao yanavyoendesha hisia zao. Mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, aliwashughulikia watu waliokuwa wakitaka kujiua mara kwa mara, na kitabu chake cha tiba kilipotoka mwaka 1993 kilikuwa kimezigawa stadi katika mafungu manne: kuwa macho na wakati uliopo, kuvumilia taabu bila kuizidisha, kuongoza hisia, na kuhusiana na watu. Ugunduzi wake ninaouthamini zaidi ni kwamba mgonjwa anapaswa kuambiwa mambo mawili kwa pamoja, kuwa unakubalika kama ulivyo na kuwa inabidi ubadilike, kwa sababu ukimwambia la pili peke yake anahisi amelaumiwa, na ukimwambia la kwanza peke yake anahisi ameachwa. Mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe alilazwa hospitali ya magonjwa ya akili akiwa msichana.

Hata hivyo, mfano unaotufaa zaidi hapa ni wa Zimbabwe. Daktari Dixon Chibanda wa Harare alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani, wahudumu wa afya ya jamii, namna ya kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia mtu kuchambua tatizo lake hatua kwa hatua. Washona walikuwa tayari na neno lao kwa maradhi hayo, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, nasi tunasema mawazo mengi. Bibi hao hawakuhitaji kumfundisha mgonjwa jina jipya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba, baada ya miezi sita, waliohudumiwa na bibi hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Zaidi ya hapo, anayefanya uradi baada ya sala anaongoza pumzi yake, na wazee wanaokutana barazani kila jioni kwa kahawa na bao wanajikinga na upweke kuliko ninavyoweza kuwakinga mimi.

Nasomewa na shehe na pia nimekwenda kwa mganga. Je, niache?

Sikuulizi ili nikukataze. Nikiambiwa kwamba mtu ana jini, sibishani naye juu ya jini; namwuliza analala saa ngapi, anakula nini, na lini alianza kuogopa. Maombi na kisomo vinaweza kwenda sambamba na tiba, na wapo mashehe na wachungaji wanaoniletea watu. Mipaka yangu ni miwili. Wa kwanza ni kwamba dawa za hospitali, ziwe za akili, za kifafa au za presha, zisiachwe kwa sababu yoyote isipokuwa kwa agizo la aliyeziandika. Wa pili ni kwamba mtu asifungwe kamba, asipigwe wala asinyimwe chakula, awe ni nani anayeamuru hivyo.

Je, mnatoa dawa?

Hapana, mimi si daktari. Wapo wagonjwa ambao stadi peke yake hazitoshi, hasa anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anayekaa siku kadhaa bila kulala huku akijiona ana nguvu zisizo na mwisho, au mwenye sonona iliyomfikisha mahali pa kushindwa kuinuka. Hao nawaandikia barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, na wengine familia zao huchagua Lutindi, kule kwenye milima ya Usambara wilayani Korogwe, ambako wagonjwa wa akili wamekuwa wakihudumiwa tangu enzi za Wajerumani. Dawa za sonona kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi nne kabla hazijaonyesha nafuu, na wengi huziacha wiki ya kwanza wakidhani hazifai. Tukishirikiana na daktari, nafanya kazi ya kumsaidia mtu avuke wiki hizo.

Itachukua muda gani?

Wengi huja mara moja kwa wiki, kwa dakika hamsini, kwa muda wa miezi mitatu hivi. Mafunzo mafupi zaidi yapo: Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2016 utaratibu wa vikao vitano unaoweza kuendeshwa na mtu asiye mtaalamu aliyefundishwa na kusimamiwa vizuri. Waliojeruhiwa tangu utotoni huhitaji muda mrefu kuliko huo, na sipendi kuwadanganya kwa kuwatajia tarehe.

Sina nafasi ya kufanya mazoezi nyumbani. Tumepanga chumba kimoja, watu watano.

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu linaulizwa na mtu ambaye amekwisha kuanza kufikiri namna ya kufanya. Stadi nyingi hazihitaji chumba. Pumzi hufanywa ukiwa unakuna nazi, ukiwa foleni ya maji, ukiwa umesimama taa nyekundu juu ya baiskeli. Kwa asiyependa kuandika, au anayehofia daftari lake kusomwa, tunatumia makopo mawili na kokwa za ukwaju: kila anapofanya zoezi anahamisha kokwa moja kutoka kopo hili kwenda lile, na siku ya kikao analeta kopo tunahesabu. Mama mmoja wa Makorora aliniletea kopo lenye kokwa kumi na saba ilhali tulikubaliana kumi na nne. Nilipomwuliza, akasema tatu ni za mumewe, aliyekuwa akimcheka wiki ya kwanza.

Tanga ni mji mdogo. Je, siri yangu itabaki siri?

Itabaki, isipokuwa pale ambapo maisha yako au ya mtu mwingine yamo hatarini, au mtoto anadhuriwa. Na hata hapo nitakwambia kwanza nani nitamwarifu na kwa nini, ila kama kukwambia kutaongeza hatari yenyewe. Kuna jambo dogo linaloleta taabu kubwa: tukikutana Soko la Mgandini. Katika nchi nyingine mnasihi hutakiwa kujifanya hamjui mgonjwa wake mpaka asalimiwe, lakini kwetu kumpita mtu bila salamu ni tusi, na mkubwa asipoamkiwa shikamoo atauliza amekosa nini. Kwa hiyo tunapatana siku ya kwanza. Wengine husema tusalimiane kama majirani, wengine husema nitazame nyanya. Yote nimefanya.

Nifanye nini ndugu yangu akisema hataki kuishi?

Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo. Mara nyingi humpunguzia mzigo wa kulibeba peke yake. Usimhubirie, usimwambie ni dhambi wakati huo, usimkumbushe watoto wake kwa namna ya kumlaumu. Msikilize, usimwache peke yake, ondoa karibu naye dawa za kuulia wadudu, vidonge vilivyorundikwa na kamba, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Hatari ikiwa imekwisha kufika, namba ya dharura ni 112. Kwa mtoto au kijana, simu ya 116 hupokelewa bila malipo.

Je, ninaweza kumleta mume wangu bila yeye kutaka?

Njoo wewe. Mtu mmoja akibadilisha namna anavyojibu, mazungumzo ya nyumbani hubadilika, na waume kadhaa wamefika hapa kwa kutaka tu kujua wake zao wanafundishwa nini.

Nimejaribu stadi zote na hali ni ile ile. Nimeshindwa?

Hujashindwa. Tutakaa tukague mambo matatu. La kwanza ni kama zilijaribiwa wakati wa utulivu au wakati wa dhoruba tu. La pili ni kama kuna kitu cha mwili kinachotuangusha: kahawa chungu vikombe sita kwa siku, pombe ya kutafutia usingizi, ugonjwa ambao haujapimwa.

La tatu ndilo zito. Wakati mwingine mtu hawezi kutulia kwa sababu mahali alipo si pa kutulia. Mwanamke anayepigwa kila mwisho wa wiki hahitaji nimfundishe kupumua vizuri zaidi ili astahimili kipigo, na mfanyakazi ambaye hajalipwa kwa miezi minne hana ugonjwa wa wasiwasi, ana mwajiri anayemdhulumu. Katika hali hizo stadi ninazozitumia ni za kupanga: nani atakaa na watoto, hati ziko wapi, dawati la jinsia na watoto la polisi lililo karibu liko kituo gani, nani wa kwenda naye. Uvumilivu unasifiwa mno katika utamaduni wetu, na mimi pia niliusifu, mpaka nilipoona ni nani hasa anayeambiwa avumilie.

Malipo ni kiasi gani?

Utaelezwa kwa simu kabla hujafika. Asiyeweza kulipa yote aseme, tutaafikiana. Jumatano mchana nimeitenga kwa ajili hiyo.

Siku ya kwanza nije na nini?

Njoo na dawa zote unazotumia, zikiwa ndani ya pakiti zake, pamoja na za mitishamba. Vyeti vya vipimo kama unavyo. Na miwani kama unasoma kwa miwani, maana kuna karatasi moja ya kujaza. Huna haja ya kutayarisha maneno. Ukitaka kuja na mtu, atakaa barazani na atapewa chai, nawe utaamua kama aingie. Ngazi ni mbili na mkono wa kulia kuna nguzo ya kushikia. Viatu unaweza kuvivua au kuvaa.